Modibo Keita: Mwalimu wa Bamako Aliyewakutanisha Majirani Waliokuwa Vitani

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 30 Oktoba 1963, mjini Bamako nchini Mali, viongozi wakuu wanne wa Afrika walitia saini hati fupi iliyolenga kusitisha vita kati ya Algeria na Moroko. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulikuwa na umri wa miezi mitano tu, na tayari nchi mbili za bara hili zilikuwa zikipigana kwa mizinga kugombea mpaka. Wawili kati ya waliotia saini walikuwa wahasimu wenyewe, Mfalme Hassan wa Pili wa Moroko na Rais Ahmed Ben Bella wa Algeria. Wa tatu alikuwa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Wa nne alikuwa mwenyeji wao, Rais Modibo Keita, mwalimu wa shule aliyekuwa akiongoza nchi changa, yenye kipato kidogo na isiyo na bahari.

Katika eneo letu la Afrika Mashariki jina la Keita halitajwi mara nyingi kama yanavyotajwa majina ya Kwame Nkrumah au Gamal Abdel Nasser. Hata hivyo, mkutano aliouandaa nyumbani kwake uliweka mfano uliofuatwa na wasuluhishi wengi wa Afrika baada yake, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopewa jukumu la kuendeleza kazi iliyoanzia pale. Makala haya yanaeleza maisha ya kiongozi huyo, jinsi alivyofika mahali pa kuaminiwa na pande mbili zilizokuwa vitani, na yale ambayo usuluhishi wake uliweza na haukuweza kuyafanya.

Mtoto wa Bamako, mwalimu wa vijijini

Modibo Keita alizaliwa tarehe 4 Juni 1915 katika mtaa wa Bamako-Coura, wakati nchi yake ikiwa koloni lililoitwa Sudan ya Ufaransa. Alitoka katika familia ya Kiislamu ya Wamalinke, na ukoo wa Keita hujihesabu kuwa wa kizazi cha Sundiata Keita, mwanzilishi wa dola ya Mali katika karne ya 13. Kwa watu wa Afrika Magharibi jina hilo lilikuwa na heshima kubwa, lakini halikumpa mali wala cheo mbele ya serikali ya kikoloni. Njia iliyokuwa wazi kwa kijana mwenye akili ilikuwa shule.

Baada ya masomo ya Bamako alipelekwa katika shule ya ualimu ya William Ponty nchini Senegal. Chuo hicho kilipokea vijana waliochaguliwa kutoka makoloni yote ya Ufaransa ya Afrika Magharibi, na kwa nyakati mbalimbali kilisomesha watu waliokuja kuwa marais na mawaziri wakuu, akiwamo Félix Houphouët-Boigny wa Côte d'Ivoire, Hamani Diori wa Niger na Mamadou Dia wa Senegal. Keita alihitimu mwaka 1936 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora kabisa. Tangu hapo alifundisha vijijini, kisha Bamako, Sikasso na Timbuktu. Mwaka 1939 alimwoa Mariam Travélé, mwalimu mwenzake, ambaye alishirikiana naye katika siasa maisha yake yote.

Ualimu ulimfikisha katika harakati. Mwaka 1937 yeye na Ouezzin Coulibaly, mwalimu kutoka nchi ambayo leo ni Burkina Faso, walishiriki kuanzisha chama cha wafanyakazi cha walimu wa Afrika Magharibi ya Ufaransa. Baadaye alianzisha jarida lililokosoa utawala wa kikoloni, na misimamo yake ilimfanya akae rumande kwa majuma machache katika gereza la Santé jijini Paris. Oktoba 1946, chama cha Rassemblement Démocratique Africain, kilichounganisha wanasiasa wa makoloni mbalimbali, kilizaliwa mjini Bamako. Keita akawa katibu mkuu wa tawi la Sudan chini ya uongozi wa Mamadou Konaté. Konaté alipofariki mwaka 1956, Keita alishika uongozi. Mwaka huo huo alichaguliwa kuwa Meya wa Bamako na mjumbe wa Bunge la Ufaransa, ambako alifikia nafasi ya Makamu wa Spika, na kisha kushika nafasi katika Baraza la Mawaziri la Ufaransa kwa muda mfupi.

Treni ya Agosti 1960

Ili kuelewa ni kwa nini Keita alifaa kuwapatanisha majirani wa wengine, ni lazima kwanza kueleza ugomvi wake mwenyewe na jirani yake.

Keita aliamini kwamba makoloni madogo ya Ufaransa yasingeweza kusimama kila moja peke yake. Mwaka 1959 Sudan ya Ufaransa na Senegal ziliunda Shirikisho la Mali, baada ya nchi nyingine mbili zilizokusudia kujiunga kujitoa. Shirikisho hilo lilipata uhuru tarehe 20 Juni 1960. Keita alikuwa mkuu wa serikali, na Léopold Sédar Senghor wa Senegal alikuwa Spika wa Bunge la Shirikisho. Tofauti zilijitokeza mapema. Upande wa Sudan ulitaka dola moja yenye mamlaka makuu yenye nguvu, na upande wa Senegal ulitaka muungano uliolegea zaidi. Kugawana vyeo na madaraka ya jeshi kuliongeza mashaka.

Usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Agosti 1960 mambo yaliharibika. Keita alimwondoa Mamadou Dia katika madaraka ya ulinzi na kutangaza hali ya hatari. Viongozi wa Senegal walijibu kwa kutangaza kwamba nchi yao imejitoa katika Shirikisho. Keita na wenzake walizuiwa, kisha wakapandishwa treni chini ya ulinzi na kurudishwa Bamako. Shirikisho lilikuwa limedumu miezi miwili baada ya uhuru.

Tarehe 22 Septemba 1960 Sudan ya Ufaransa ilijitangaza kuwa Jamhuri ya Mali, na Keita akawa Rais. Kwa uchungu wa kilichotokea Dakar, serikali yake ilikata uhusiano na Senegal, na treni zikaacha kuvuka mpaka. Njia hiyo ya reli, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dakar hadi Bamako, ndiyo iliyokuwa ikiiunganisha Mali na bahari. Kuanzia hapo karanga na pamba za Mali, na mafuta, sukari na vifaa vilivyoagizwa kutoka nje, vililazimika kupitia bandari ya Abidjan, sehemu ya safari kwa malori na sehemu kwa reli. Safari ilikuwa ndefu na gharama yake ilimfikia kila mnunuzi sokoni. Mji wa Kayes, uliokuwa ukiishi kwa reli, uliathirika zaidi. Senegal nayo ilipoteza mizigo ya jirani yake katika bandari ya Dakar.

Kwa miaka mitatu Keita aliongoza nchi iliyokuwa ikilipa gharama ya mpaka uliofungwa, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioufunga.

Mwaka wa kumaliza ugomvi

Mwaka 1963 ulikuwa mwaka wa kufungua milango. Mwezi Februari, mjini Kayes, Keita na Rais Moktar Ould Daddah wa Mauritania walitia saini mkataba uliomaliza mgogoro wa mpaka kati ya nchi zao. Hatua hiyo haikuwa ndogo. Miaka miwili kabla yake Mali ilikuwa katika kundi la nchi zilizokutana Casablanca mwaka 1961, ambako Moroko ilitafuta kuungwa mkono katika madai yake kwamba Mauritania yote ni sehemu ya ardhi yake. Kwa kukaa na Ould Daddah na kukubaliana naye mpaka, Keita aliitambua Mauritania kuwa jirani halali.

Mwezi Juni mwaka huo huo, Keita na Senghor walikutana Kidira, kwenye mpaka wa Mali na Senegal, na treni zikaanza tena kuvuka. Watu hao wawili hawakurudi kuwa washirika wa karibu, na Shirikisho halikufufuliwa. Walichokubali ni kwamba nchi mbili zilizotengana bado zinahitaji reli moja.

Kati ya matukio hayo mawili kulikuwa na mkutano wa Addis Ababa wa Mei 1963, ulioanzisha OAU. Katika mkutano huo Keita alikuwa miongoni mwa waliotetea kwa nguvu kwamba Afrika ipokee mipaka iliyoachwa na ukoloni. Hoja yake haikuwa kwamba mipaka hiyo ni ya haki. Alieleza kwamba ukoloni uliligawa bara, lakini pia ndani ya mipaka hiyo mataifa mapya yalikuwa yamezaliwa, na kila jaribio la kuichora upya lingeleta vita visivyokwisha. Mkataba wa OAU, uliotiwa saini tarehe 25 Mei 1963, ulisisitiza uhuru na mamlaka ya kila nchi juu ya ardhi yake. Mfalme Hassan wa Pili hakuhudhuria mkutano huo kwa sababu Mauritania ilialikwa. Moroko ilijiunga baadaye mwaka huo, huku ikieleza kwamba haikubali kuachia madai yake ya mipaka.

Vita ya mchanga

Chanzo cha mgogoro wa Algeria na Moroko kilikuwa cha zamani. Mkataba wa Lalla Maghnia wa mwaka 1845, kati ya Ufaransa na Moroko, ulichora mpaka kutoka bahari ya Mediterania kwenda kusini kwa umbali mfupi tu. Jangwa lililofuata halikuchorwa mstari, kwa kuwa halikuonekana kuwa na thamani ya kugawanywa. Ufaransa ilipoendelea kuingia Sahara, iliyasimamia maeneo kama Béchar na Tindouf kutokea Algeria, na baadaye ikafahamika kwamba karibu na Tindouf, huko Gara Djebilet, kuna akiba kubwa ya madini ya chuma.

Moroko ilipata uhuru mwaka 1956 na kudai maeneo hayo kwa misingi ya historia ya wafalme wake. Julai 1961, Mfalme Hassan wa Pili alikubaliana na Serikali ya Muda ya Algeria, iliyoongozwa na Ferhat Abbas, kwamba suala la mpaka lingezungumzwa mara Algeria itakapopata uhuru. Algeria ilipokuwa huru Julai 1962, serikali ya Ben Bella ilishikilia kwamba ardhi iliyokombolewa kwa damu ya miaka karibu minane ya vita isingeweza kupunguzwa.

Mvutano ukageuka mapigano. Oktoba 1963 majeshi ya nchi hizo yalipigania vituo vya visima vya jangwani vya Hassi Beida na Tinjoub, ambavyo vilichukuliwa na upande mmoja kisha mwingine, na mapigano yakafika karibu na Figuig upande wa kaskazini. Mataifa ya nje yalianza kuingia. Misri na Cuba ziliisaidia Algeria, na Moroko ilitegemea marafiki zake wa nchi za Magharibi. Kulikuwa na hatari kwamba ugomvi wa visima vya jangwani ungekuwa uwanja mwingine wa vita baridi.

Jinsi mkutano ulivyopatikana

Mara nyingi wananchi husikia taarifa ya mwisho ya mkutano wa aina hii, wala hawaoni kazi iliyotangulia. Katika mgogoro huu kikwazo cha kwanza kilikuwa swali la nani asuluhishe. Algeria ilitaka suala libaki ndani ya OAU, kwa kuwa Mkataba wa Addis Ababa ulikuwa upande wa mipaka iliyorithiwa. Moroko ilipendelea zaidi Umoja wa Mataifa. Umoja wa Nchi za Kiarabu ulijaribu kwa kuzitaka pande zote mbili zirudishe majeshi nyuma, lakini Moroko haikuridhika, kwa kuwa iliona Misri iko waziwazi upande wa Algeria. Kila chombo kilichopendekezwa kilikuwa na doa machoni mwa mmojawapo.

Njia ilipatikana kwa kutumia watu badala ya vyombo. Mfalme Haile Selassie, ambaye mwezi huo alikuwa katika ziara ya Afrika Kaskazini, alizungumza na Hassan wa Pili na kisha Ben Bella. Alikuwa mfalme anayezungumza na mfalme mwenzake, na wakati huo huo alikuwa mwenyeji wa OAU, jambo lililompa heshima mbele ya Algeria. Lakini wahasimu hawakuwa tayari kwenda mmoja kwa mwingine. Walihitaji mahali pa tatu.

Bamako ilikubalika kwa sababu za wazi. Keita alikuwa amekaa na Moroko katika kundi la Casablanca, hivyo Rabat haikuweza kumwita adui. Wakati wa vita ya ukombozi wa Algeria, Mali iliruhusu wapiganaji wa Algeria kutumia ardhi yake ya kaskazini, hivyo Algiers ilikuwa na deni la shukrani kwake. Nchi yake haikuwa na nguvu ya kumtisha yeyote. Zaidi ya hayo, kila aliyefuatilia habari za mwaka huo alijua kwamba mwenyeji huyu alikuwa ametoka kutia saini Kayes na kupeana mkono na Senghor huko Kidira. Alichowaomba wageni wake wafanye alikuwa amekwisha kukifanya mwenyewe.

Ni haki pia kusema kwamba Mali ilikuwa na maslahi yake. Nchi hiyo inapakana na Algeria kwa masafa marefu ya jangwa, na mwaka huo ilikuwa ikikabiliana na uasi wa Watuareg katika milima ya Adrar des Ifoghas, uasi ambao jeshi la Keita liliuzima kwa ukali mkubwa. Viongozi wa uasi huo waliokuwa wamekimbilia Algeria na Moroko walikuja kukabidhiwa kwa Mali. Msuluhishi asiye na maslahi yoyote ni nadra. Katika suala hili maslahi ya Mali yaliihitaji amani kwa majirani wote wawili, na hilo liliifanya ipime kauli zake.

Hati ya Bamako

Mkutano ulifanyika tarehe 29 na 30 Oktoba 1963. Makubaliano yaliyotoka hayakusema Tindouf ni ya nani wala kutaja mpaka upite wapi. Yalipanga mambo ambayo yangeweza kutekelezwa mara moja. Mapigano yangesitishwa kuanzia saa sita usiku wa kuingia tarehe 2 Novemba. Maafisa wa kijeshi wa Algeria, Moroko, Ethiopia na Mali wangeunda kamati ya kuainisha eneo ambalo majeshi yangeondoka, na waangalizi wa Ethiopia na Mali wangesimamia usalama wa eneo hilo. Baraza la Mawaziri wa Mambo ya Nje wa OAU lingeombwa kukutana kwa dharura Addis Ababa ili kuunda kamati ya usuluhishi, ambayo ingechunguza nani alianzisha mapigano na kupendekeza suluhu ya kudumu. Pande zote mbili pia zilikubali kuacha kushambuliana kwa maneno katika magazeti na redio, na kutoingilia mambo ya ndani ya mwenzake.

Kifungu cha redio na magazeti kinaweza kuonekana kidogo, lakini waliokiandika walijua sababu yake. Katika vita ile kila upande ulikuwa umewaaminisha wananchi wake kwamba haki yote iko kwake. Kiongozi aliyekwisha kuwaahidi watu ushindi redioni hupata shida kurudi nyumbani na mapatano. Kunyamazisha matusi kuliwapa viongozi wote wawili nafasi ya kusogea.

Utekelezaji haukuwa rahisi. Milio ya risasi iliendelea kusikika hapa na pale kwa siku chache baada ya muda uliowekwa, na maafisa wa Mali na Ethiopia walilazimika kwenda jangwani. Mawaziri wa OAU walikutana Addis Ababa katikati ya Novemba na kuunda kamati ya nchi saba: Ethiopia, Mali, Côte d'Ivoire, Nigeria, Senegal, Sudan na Tanganyika. Hivyo nchi yetu, ambayo nayo ilikuwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru, iliketi katika meza ya kwanza ya OAU ya kusuluhisha mgogoro wa mpaka. Katika kamati hiyo hiyo Mali na Senegal, zilizokuwa hazizungumzi mwanzoni mwa miaka hiyo, ziliketi pamoja.

Februari 1964 Algeria na Moroko zilikubaliana kurudisha majeshi nyuma na kuacha eneo lisilo na wanajeshi kati yao, na baadaye mwaka huo mateka wa vita walibadilishana makwao. Julai 1964, katika mkutano wa wakuu wa nchi mjini Kairo, OAU ilipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, na aliyeliwasilisha alikuwa Rais Julius Nyerere. Moroko na Somalia hazikulikubali. Kamati ya nchi saba haikutoa hukumu juu ya mpaka. Nchi hizo mbili ziliendelea kuzungumza zenyewe, zikatia saini mkataba wa urafiki huko Ifrane mwaka 1969 na mkataba wa mpaka mjini Rabat mwaka 1972. Vita ya mwaka 1963 haikurudi kwa sura ile. Uhusiano nao haukupona kabisa, na mpaka wao wa nchi kavu umefungwa tangu mwaka 1994.

Hicho ndicho kipimo cha haki cha kazi ya Bamako. Mkutano ule ulinyamazisha bunduki na kuuondoa mgogoro mikononi mwa mataifa makubwa. Haukuwafanya majirani wapendane.

Msuluhishi aliyeshindwa nyumbani

Maisha ya Keita yana upande mwingine usiopaswa kufichwa. Mkono aliounyoosha kwa majirani hakuunyoosha kwa wapinzani wake wa ndani. Julai 1962 serikali yake ilianzisha sarafu ya Mali na kutoka katika ukanda wa faranga ya Ufaransa. Wafanyabiashara wa Bamako waliandamana kupinga. Wanasiasa wa upinzani Fily Dabo Sissoko na Hamadoun Dicko walikamatwa, wakahukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa na wakapelekwa kufungwa kaskazini mwa nchi. Walifia kizuizini mwaka 1964.

Uchumi uliopangwa na dola ulielemewa na mashirika yenye hasara na uhaba wa bidhaa. Mwaka 1967 Mali ililazimika kupunguza thamani ya sarafu yake kwa nusu na kuanza safari ya kurejea katika ukanda wa faranga. Keita alijibu kwa kukaza siasa. Bunge lilivunjwa, na wanamgambo wa chama waliwasumbua raia mitaani. Tarehe 19 Novemba 1968, akiwa anarejea kutoka Mopti, alipinduliwa na maafisa wa jeshi walioongozwa na Luteni Moussa Traoré. Alipelekwa Kidal, mji wa jangwani ambako wapinzani wake walikuwa wamefungwa kabla yake. Mkewe Mariam naye aliwekwa kizuizini.

Hakuachiwa huru tena. Modibo Keita alifariki tarehe 16 Mei 1977, akiwa bado mfungwa, mjini Bamako. Taarifa ya redio ya serikali ilimtaja kuwa mwalimu mstaafu. Haikusema kwamba alikuwa Rais wa kwanza wa nchi hiyo. Hata hivyo umati mkubwa ulijitokeza kumzika, na baadhi ya waliohudhuria walikamatwa.

Wenzake wawili wa meza ya Oktoba 1963 walipata yanayofanana. Ben Bella alipinduliwa Juni 1965 na kukaa kizuizini miaka mingi. Haile Selassie aliondolewa Septemba 1974 na kufariki mwaka uliofuata akiwa chini ya ulinzi. Ni Hassan wa Pili pekee aliyebaki madarakani hadi kifo chake mwaka 1999. Utawala wa Traoré ulipoanguka mwaka 1991, Mali ilirejesha heshima ya Rais wake wa kwanza. Mwaka 1999 jengo la kumbukumbu lenye jina lake lilifunguliwa Bamako, na uwanja wa ndege wa kimataifa wa mji huo nao ulikuja kuitwa kwa jina lake.

Leo, wananchi wanaposikia taarifa kwamba viongozi wa nchi mbili zilizokosana watakutana katika mji wa nchi ya tatu, macho mengi huelekea kwa wahasimu. Maisha ya Modibo Keita yanaelekeza jicho kwa mwenyeji pia. Miezi minne kabla ya kuwakaribisha Hassan na Ben Bella, alikuwa amesimama kwenye reli ya Kidira kumpa mkono mtu ambaye nchi yake ilimrudisha nyumbani kwa treni chini ya ulinzi. Aliyoyaweza kwa majirani, na aliyoyashindwa nyumbani kwake, yote mawili yamo katika urithi alioliachia bara hili.